Ukiugua ukiwa kwenye rejista ya GDC: la kufanya, hatua kwa hatua

Maswali wanayouliza madaktari wa meno, manesi wa meno na wataalamu wa usafi wa kinywa wanaozungumza Kiswahili huku Uingereza hayabadiliki. Nikimwambia GP wangu (daktari wa familia) kwamba silali usiku, General Dental Council (GDC), baraza linalotusajili na kutusimamia, watapata habari? Nikiandikiwa dawa za sonona, lazima nijiripoti? Barua yao imeshafika, nifanyeje? Wengi huuliza wakiwa wamechelewa, wameshafanya kazi miezi kadhaa huku mkono unatetemeka na usingizi hauji.

Tuanze na jibu lenyewe: ugonjwa si kosa. Sheria ya Madaktari wa Meno ya mwaka 1984 inataja afya mbaya ya mwili au ya akili kuwa mojawapo ya sababu za kuhoji kama mtu anafaa kuendelea kuhudumia wagonjwa. Lakini GDC haitafuti nani anaumwa nini. Inatafuta kama mgonjwa aliye kwenye kiti yuko hatarini. Mtu mwenye kisukari, VVU, sonona au aliyewahi kuzama kwenye pombe anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila faili lake kufunguliwa, mradi anatibiwa na anafuata ushauri. Kinachowaponza watu ni kuficha, kujitibu wenyewe na kuchezea kumbukumbu za wagonjwa.

Mwongozo huu si ushauri wa kisheria. Unakupa mpangilio wa mambo, ili usianze na la tano ukaacha la kwanza.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Vikusanye ukiwa mzima. Ukishaugua hata neno la siri la barua pepe linasahaulika.

- Namba yako ya usajili na njia ya kuingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya GDC (eGDC). Hakikisha anwani iliyoko humo ni ya sasa. Barua za GDC huenda kwenye anwani hiyo, na kuhama nyumba si utetezi.
- Cheti cha bima ya kitaaluma na namba ya simu ya washauri wao, iwe ni Dental Protection, DDU, MDDUS au kampuni nyingine.
- GP uliyesajiliwa kwake. Asiwe mkeo, mumeo, shemeji yako wala daktari mnayesali naye.
- Nakala ya mkataba wako na kliniki. Soma kifungu cha ugonjwa: ni baada ya wiki ngapi unatakiwa kumtafuta daktari wa kushika nafasi yako, na nani anamlipa.
- Kumbukumbu za CPD (saa za mafunzo endelevu ya kazi) na mpango wako wa kujiendeleza.
- Daftari la tarehe, lako binafsi, lisilo na majina ya wagonjwa na lisilokaa kwenye kompyuta ya kliniki. Humo utaandika ulizungumza na nani, lini, na mlikubaliana nini.

Hatua

1. Angalia kwanza kama kuna hatari ya leo

Kama unawaza kujiua au kujidhuru, acha kusoma hapa. Piga 999 kama hatari ni ya sasa hivi. Kwa England piga 111 kisha chagua namba 2 kwa msaada wa haraka wa afya ya akili. Samaritans wanapatikana kwa 116 123 saa zote, bure, na huhitaji kutaja jina wala kazi yako.

Kama si hivyo, jiulize maswali haya ukifikiria wiki mbili zilizopita:

- Umewahi kukaribia kung'oa jino lisilo lenyewe, kuchoma ganzi upande usio sahihi, au kusahau kuangalia mzio wa mgonjwa?
- Mkono, macho au mgongo vimekufanya usimamishe kazi katikati?
- Unatumia dawa inayosinzisha, hata ya dukani?
- Umeingia kazini pombe ikiwa bado mwilini? Fanya hesabu. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 13.5 ni takribani uniti 10 (uniti ni kipimo cha kilevi), na mwili huondoa takribani uniti moja kwa saa. Ukiimaliza saa tano usiku, saa mbili asubuhi unapovaa glavu bado haijaisha mwilini. Kahawa na kuoga maji baridi havipunguzi kitu.
- Umetumia dawa au gesi ya kliniki kwa ajili yako mwenyewe? Tangu Novemba 2023 gesi ya nitrasi oksidi ni dawa inayodhibitiwa ya daraja C. Kuivuta mwenyewe baada ya wagonjwa kuondoka hakuishii kwenye nidhamu ya kazi, kunafika polisi.

Ukijibu ndiyo hata kwa moja, usiamue peke yako kwamba unaweza kuendelea. Viwango vya GDC vinavyotumika tangu 2013 vinasema wazi, kifungu cha 9.2: usitegemee tathmini yako mwenyewe kuhusu hatari unayoweza kuwa kwa wagonjwa. Zungumza mara moja na mwenzako mwenye sifa, kisha tafuta ushauri wa daktari wa afya kazini au mwingine anayefaa.

2. Simama kazini bila kuacha wagonjwa hewani

Hapa ndipo malalamiko mengi huanzia, na si kwa sababu ya ugonjwa. Daktari anaondoka Ijumaa, Jumatatu harudi, na hakuna anayejua nani aliachwa na jino wazi.

Kwa mwenye kliniki au meneja, ujumbe mfupi unatosha: «Siko katika hali ya kuhudumia wagonjwa kwa sasa kwa sababu za kiafya. Ninatibiwa. Orodha ya wagonjwa ambao matibabu yao hayajakamilika nimeiweka kwenye mfumo wa kliniki. Nitakujulisha Jumatano kuhusu tarehe ya kurudi.» Huna haja ya kutaja jina la ugonjwa.

Kisha orodha. Usiandike «wagonjwa wangu waendelee kuonwa». Mpange kila mmoja, mwenye hatari kubwa juu:

- Uliyempa rufaa ya haraka kwa kidonda unachokishuku kuwa saratani: tarehe rufaa ilipotumwa, ilitumwa wapi, na kama uthibitisho wa kupokelewa umerudi. Huyu ni wa kwanza, daima. Wa aina hii pia ni aliyekatwa kinyama cha uchunguzi ambaye majibu hayajaja.
- Aliye katikati ya tiba ya mzizi: jino lipi, mifereji mingapi imepatikana, urefu wa kila mmoja kwa milimita na umepimwa kutoka ncha ipi ya jino, dawa iliyoachwa ndani, kifuniko cha muda cha aina gani na kiliwekwa lini. Vifuniko vya muda huanza kuvuja baada ya wiki chache. Bakteria wakirudi ndani, kazi yote inaanza upya, na mgonjwa atakayeamka na uvimbe atakulalamikia wewe uliyelifungua jino.
- Mwenye taji au daraja linalotengenezwa maabara: jina la maabara, rangi iliyochaguliwa, tarehe ya kurudi, na taji la muda limebandikwa kwa gundi gani.
- Mwenye nyuzi za kutoa na mwenye waya za meno.
- Eksirei zilizopigwa ambazo hujaziandikia maelezo. Hizi husahaulika kuliko zote.

Onyo: orodha hii isipite WhatsApp. Tumia mfumo wa kliniki au barua pepe salama. Na kama kuna kumbukumbu ya mgonjwa hukuimalizia, iongeze kwa tarehe na saa ya leo, ukisema wazi kwamba ni nyongeza. Usirudi nyuma kuifanya ionekane iliandikwa siku ile. Programu za kliniki huhifadhi historia ya kila badiliko, na mtu aliyeingia akiwa na tatizo la afya hujikuta akijibu tuhuma ya udanganyifu, ambayo ni nzito zaidi mara kumi.

3. Nenda kwa GP, na umwambie kazi yako

Watu wetu wana tabia ya kumwambia daktari «nimechoka tu». Una dakika kumi. Mpe namba: unalala saa ngapi, uzito umepungua kilo ngapi, unakunywa uniti ngapi kwa wiki, unalia mara ngapi, maumivu ya shingo yanaanza saa ngapi ya kazi. Mwambie unashika vifaa vyenye ncha kali ndani ya vinywa vya watu, ili dawa atakayochagua isikufanye usinzie.

Kuhusu siri: kwenda kwa GP hakupeleki taarifa GDC. Daktari anaweza kuvunja usiri pale tu watu wengine wanapokuwa katika hatari kubwa, na kwa kawaida atakwambia kwanza na kukuhimiza ujiripoti mwenyewe.

Siku 7 za mwanzo za ugonjwa unajithibitishia mwenyewe kwa mwajiri. Zaidi ya hapo unahitaji cheti cha daktari. Ukiwa umejiajiri bado kichukue, maana bima ya kipato na washauri wako watakiuliza.

Usijiandikie dawa, hata antibiotiki, hata kodeini ya siku mbili. Usimwandikie mkeo wala mumeo, wala usikubali mwenzako wa chumba cha pili akuandikie kienyeji. Mwongozo wa GDC kuhusu dawa unakataza kuandikia watu wa karibu isipokuwa dharura. Tunaona watu wakilichukulia jambo hili kwa wepesi kwa sababu nyumbani ni kawaida. Huku siyo.

4. Tumia huduma zilizowekwa kwa ajili yetu

NHS Practitioner Health, huduma ya NHS (mfumo wa afya wa serikali) iliyoanzishwa mwaka 2008, hutibu madaktari na madaktari wa meno wenye matatizo ya akili au uraibu. Ni bure, unajipeleka mwenyewe, na faili lako halichanganywi na la hospitali unayofanyia kazi. Wanaokuhudumia wanajua GDC inavyofanya kazi, hivyo hupotezi nusu saa kueleza rejista ni nini.

Dentists' Health Support Trust husaidia madaktari wa meno, hasa kwenye pombe, dawa za kulevya na afya ya akili. Confidental ni simu ya usiri inayopokelewa na madaktari wa meno wenzako. Kwa fedha, kuna BDA Benevolent Fund (BDA ni chama cha madaktari wa meno Uingereza), mfuko wenye zaidi ya miaka mia moja unaosaidia madaktari wa meno na familia zao.

Nesi wa meno au mtaalamu wa usafi wa kinywa, baadhi ya milango hiyo haikuhusu. Kwa England unaweza kujipeleka kwenye tiba ya mazungumzo ya NHS bila kupitia GP. Uliza pia kama kliniki yako ina huduma ya ushauri kwa wafanyakazi. Kliniki za makampuni makubwa mara nyingi wanayo na hawaitangazi.

5. Pigia bima simu kabla hujaandika lolote kwa GDC

Hawa ndio umewalipa kwa siku kama hii. Waambie: nini kimetokea, umesimama kazini tangu lini, kama kuna mgonjwa aliyedhurika au kulalamika, na kama polisi wanahusika. Waulize mambo matatu: nijiripoti au la, nimwambie nini mwajiri, na bima yangu itakuwaje nikikaa nyumbani miezi sita.

Swali la tatu lina mtego. Bima za aina moja hulipia tukio lililotokea ulipokuwa mwanachama, hata madai yakija baada ya miaka. Za aina nyingine hulipia tu kama ulikuwa na bima siku dai lilipoletwa. Ukiwa na hiyo ya pili ukaikatisha ili kupunguza gharama, mgonjwa wa mwaka juzi akidai, unalipa kutoka mfukoni. Omba bei ya mtu aliye likizo ya ugonjwa, usikatishe.

6. Amua kama unajiripoti

Hakuna kanuni ya kujiripoti kila unapougua. Wanaoulizwa zaidi ni hawa:

Unatibiwa sonona, unafuata ushauri, na daktari wako anaona unaweza kazi: kwa kawaida hakuna haja.

Umevunjika mkono au umefanyiwa upasuaji wa mgongo, uko nyumbani hadi upone: hakuna haja.

Umeshauriwa kusimama lakini unaendelea, au umehudumia wagonjwa ukiwa umelewa: zungumza na bima leo. Uwezekano wa kushauriwa kujiripoti ni mkubwa, na kujiripoti mapema huonyesha kwamba unatambua tatizo. Hilo hupimwa.

Umekamatwa, kwa mfano ukiendesha gari ukiwa umelewa, ukashtakiwa au ukapewa onyo rasmi la polisi: hapa huchagui. Kifungu cha 9.3 cha Viwango vya GDC kinakutaka uwajulishe GDC mara moja, popote duniani ilipotokea. Ndiyo, hata likizo ya Mombasa au Zanzibar.

Kuna kundi ambalo hofu yake haina msingi tena. Tangu 2014 daktari wa meno mwenye VVU anaruhusiwa kufanya taratibu zenye hatari ya damu kugusana, ikiwemo kung'oa jino, mradi anatumia dawa, virusi viko chini ya nakala 200 kwa mililita, anafuatiliwa na daktari bingwa wa afya kazini na amesajiliwa kwenye rejista ya siri ya taifa inayosimamiwa na UKAP, jopo la ushauri kuhusu wahudumu wa afya wenye virusi vya damu. Homa ya ini aina ya B ina utaratibu wake unaofanana. Kwa aina ya C lazima virusi visionekane kwenye damu, na tiba ya vidonge ya miezi miwili mitatu huwamaliza walio wengi. Kosa ni kujua hali yako ukaendelea kung'oa meno bila kumwona daktari wa afya kazini.

7. Barua ya GDC ikifika

Isome hadi mwisho, zungushia tarehe, kisha iweke chini. Usijibu siku hiyo.

a) Tuma nakala nzima kwa bima, pamoja na bahasha au barua pepe yenye tarehe.

b) GDC watakutaka utaje unapofanya kazi na bima yako ni ipi. Hilo unatakiwa kulijibu kisheria, na watawasiliana na maeneo hayo. Mwambie mwenye kliniki wewe mwenyewe kabla hajasikia kutoka kwao.

c) Wakiomba ruhusa ya kuona mafaili yako ya matibabu, usikatae na usisaini kila kitu. Mshauri wako atajadiliana nao ili iwe sehemu inayohusika tu. Ujauzito wako wa 2009 hauna kazi hapo.

d) Huenda ukaombwa kupimwa na madaktari walioteuliwa na GDC, na penye swali la pombe au dawa, kupimwa nywele au damu. Nenda. Kukosa miadi kunasomeka vibaya kuliko majibu mabaya.

e) Tuhuma zikiandikwa rasmi, kwa kawaida una siku 28 za kutoa maelezo. Andaa na mshauri wako: barua ya daktari anayekutibu, orodha ya hatua ulizochukua zenye tarehe (daftari lako linafanya kazi hapa), na mpango wa kurudi kazini.

Kisha wapitiaji kesi wawili, mmoja wa taaluma ya meno na mmoja wa nje, husoma karatasi bila kukuita. Wanaweza kufunga kesi, kukupa ushauri au onyo, kukubaliana nawe ahadi rasmi kama vile kutokunywa pombe, kupimwa na kuwa na msimamizi, au kuipeleka kwenye kamati. Kesi nyingi za afya zinazoshughulikiwa mapema hazihitaji kuvuka ahadi hizo.

Ikifika Kamati ya Afya, kikao ni cha faragha na maelezo ya ugonjwa wako hayachapishwi. Kamati inaweza kuweka masharti ya hadi miaka 3 au kukusimamisha hadi miezi 12, na hatua hizo hupitiwa upya. Kukufuta kwenye rejista kwa sababu ya ugonjwa peke yake haiwezi. Hatari ya kufutwa huja pale ugonjwa unapoambatana na udanganyifu, wizi wa dawa au hukumu ya mahakama, maana hapo kesi ni ya mwenendo.

Ukiitwa kwenye kikao cha amri ya muda, jua kwamba kinaitishwa haraka na kinaweza kukuwekea masharti au kukusimamisha hadi miezi 18 wakati uchunguzi unaendelea. Bima yako ijue ndani ya saa, si siku.

8. Linda usajili ukiwa nyumbani

Ada ya mwaka: madaktari wa meno mwisho ni Desemba 31, manesi na wengine Julai 31. Unaweza kulipa kwa awamu. Weka makato ya benki yawe ya moja kwa moja, kwa sababu ada isipolipwa jina linatoka, na kuhudumia mgonjwa ukiwa nje ya rejista ni kosa la jinai.

CPD: daktari wa meno saa 100 kwa mzunguko wa miaka 5, mtaalamu wa usafi wa kinywa 75, nesi wa meno 50, na angalau saa 10 katika kila miaka miwili inayofuatana. Ugonjwa na uzazi havipunguzi saa hizo. Ukipata nafuu kidogo, saa moja ya mtandaoni kwa wiki inatosha kukuvusha kwenye zile 10.

Kipato: daktari aliyejiajiri hapati malipo ya kisheria ya ugonjwa. Kama unahudumia wagonjwa wa NHS, uliza kuhusu malipo ya ugonjwa wa muda mrefu, na uliza mapema maana yana masharti.

Viza: kwa mwenye viza ya Skilled Worker, likizo bila malipo inayozidi wiki 4 kwa mwaka huweza kuathiri udhamini, lakini likizo ya ugonjwa ni miongoni mwa zinazosamehewa. Hakikisha mwajiri ameiandika kuwa ya ugonjwa, na cheti cha daktari kiko kwenye faili. Ikiandikwa «dharura ya kifamilia» kwa kukuonea huruma, mmejiharibia wote wawili.

9. Rudi kwa ngazi

Usirudi Jumatatu kwenye orodha ya wagonjwa 30. Mpango unaofanya kazi kwa wengi ni wa wiki nne hadi sita: kwanza nusu siku tatu kwa wiki za uchunguzi na kujaza meno madogo, kisha tiba za kawaida kwa muda mrefu kidogo kuliko wa zamani, mwisho upasuaji na wagonjwa wa dawa za usingizi. Pangeni dakika 15 tupu kila asubuhi na kila alasiri, ziandikwe kwenye ratiba ili mapokezi wasizijaze.

Kama tatizo lilikuwa shingo au mgongo, mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa kiwiko chako, na mlaze mgonjwa zaidi badala ya wewe kuinama. Miwani ya kukuza yenye pembe ndogo ya kushuka ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo ipeleke ikapimwe upya.

Teua mtu mmoja kliniki mtakayekutana naye kila wiki kwa dakika kumi. Andika tarehe.

Mambo yakikwama

*GP hana nafasi hadi wiki tatu.* Piga simu wanapofungua, kwa kawaida saa mbili asubuhi, na useme hali yako inaathiri usalama wa wagonjwa unaowahudumia. Ukishindwa, 111.

*Mwenye kliniki anasema orodha imejaa, njoo tu.* Jibu kwa maandishi kwamba umeshauriwa usihudumie wagonjwa, na mpelekee bima nakala. Naye yuko kwenye rejista. Akikulazimisha, anajitia yeye mwenyewe matatani.

*Mgonjwa ni mwenzangu, si mimi.* Zungumza naye faraghani, mpe namba za hatua ya 4. Kama anaendelea kuhudumia akiwa hafai, una wajibu wa kumwambia mwenye dhamana kliniki, na ikishindikana, GDC. Kunyamaza kwa sababu mnatoka nyumbani pamoja kutahesabiwa dhidi yako pia.

*CPD haitatimia na mzunguko unaisha.* Wasiliana na GDC kabla ya siku ya mwisho uombe muda wa nyongeza. Ukiomba baada ya hapo, umechelewa.

*Nataka nijitoe kwenye rejista yaishe.* Kama kesi iko wazi, GDC wanaweza kukataa kukutoa hadi iamuliwe. Na usiposhiriki, uamuzi utafanyika bila wewe.

*Nikirudi nyumbani nianze upya?* KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, au Baraza la Madaktari Tanganyika watataka cheti cha hali ya usajili wako kutoka GDC, na kesi iliyo wazi itaonekana. Uamuzi wa baraza moja ni sababu tosha kwa GDC kukuhoji, na mabaraza ya nyumbani nayo husoma. Maliza masharti uliyowekewa huku, pata barua ya kufungwa kwa kesi, kisha omba cheti hicho kabla hujakata tiketi.